Nilivyofungua Kitabu cha Ubatizo Mbele ya Wakwe

Jamani, hili nalisimulia mara moja tu, na nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimesikia linavyosimuliwa pale stendi ya Same na limeshatiwa chumvi mpaka halifai (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini ghafla, hivyo ni vitu viwili tofauti). Aibu ni yangu, naikubali, siikimbii, ila angalau niibebe ilivyo.

Naitwa Zefania Kajiru. Nina steshenari ndogo hapa Same mjini, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu nilishapewa cheo cha mtaalamu bila kusailiwa na mtu. Simu ya shangazi ikigoma, mtaalamu aitwe. Redio ikikoroma, mtaalamu aitwe. Na mimi, mwenzenu, nikavimba kichwa.

Sasa kabla sijafika mbali, lazima mjue kuhusu majina ya kwetu, maana kisa chote kimekaa hapo. Mimi ni Zefania Kajiru. Baba yangu ni Kajiru Zefania. Babu yangu alikuwa Zefania Kajiru, na baba yake alikuwa Kajiru, na sitaki kuendelea kwa sababu mmeshaona inakoelekea. Mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu yake, basi, ukoo mzima una majina mawili yanayopokezana kijiti, na kwa sababu mimi nimebeba jina la baba yake, mzee wangu ananiita "baba". Mzee wa miaka sitini na nane ananiuliza, "Baba, umekula?" na mimi namjibu, "Nimekula, baba." Mgeni akitukuta hivyo anadhani tumegombana au tumekunywa.

Basi bwana, kuna watu wa kujitolea walipanda milimani wakapiga picha vitabu vya zamani vya ubatizo, ukurasa kwa ukurasa, vile vikubwa vilivyoandikwa kwa wino na mwinjilisti mwenye mwandiko wa kulala, wakaviweka kwenye tovuti moja ya mambo ya ukoo. Unaandika jina lako, la baba, la babu, halafu tovuti yenyewe inatafuta kwenye vile vitabu na kukuletea. Usharika wenyewe uko huko juu upande wa Vudee (jina naliacha, nimeshaaibisha watu wa kutosha). Siku ya kwanza nilipoona jina la babu yangu limeandikwa kwa wino uliopauka, babu ambaye sikumkuta duniani, nililia, mbele ya mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, akaniuliza kama picha yake imetoka vibaya kiasi hicho.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa. Mteja analeta cheti nimtolee kopi, mimi namuuliza bibi yake alizaliwa wapi.

Ndipo ikaja posa ya mdogo wangu wa mwisho, Upendo. Upendo ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mchapakazi, na alikuwa amechumbiana na kijana mmoja wa Ugweno, Baraka, fundi wa umeme wa jua, kwa miaka minne. Minne! Walisubiriana mpaka kila mmoja amepata pa kusimama, na barua ikaletwa, ikapokewa, ikabaki siku ya wazazi wa pande mbili kukutana nyumbani kwetu, kutambulishana na watu wa Ugweno kupewa jibu lao. Na siku hiyo, kabla ya jibu, lazima watu waulizane ukoo. Wewe ni wa nani, mama yako katoka wapi, bibi yako aliolewa na nani, mpaka watosheke kwamba haozwi ndugu kwa ndugu. Wakionekana wana damu moja, hakuna mjadala kwetu, chai inanyweka, watu wanaaga, na hao vijana watajua wenyewe pa kulilia.

Kawaida hayo ni maongezi ya mdomo tu, wazee wanachukua saa nzima wakibishana nani alimzaa nani. Mimi nikasema hapana. Mwaka huu ukoo utaonekana kwa projekta.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa dukani namalizia. Majina ya upande wa Baraka alikuwa ameshanitumia kwa simu: baba yake Mzee Eliamani, bibi yake Nakijwa ambaye bado yu hai, na akaongeza kwamba baba yake alibatizwa huku huku kwetu mlimani, kwa sababu bibi aliwahi kuishi upande wa Same zamani kabla hajahamia Ugweno. Nikaona raha, dunia ndogo hii. Nikayaingiza. Tovuti ikafikiri kidogo, ikaleta ujumbe: "Una vidokezo vitatu vipya." Nikafungua. Kila kidokezo kilikuwa na swali lile lile, "Je, hawa ni mtu mmoja?" na chini yake vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana, na Soma kwanza.

Jamani, kilichonizuia kubofya Soma kwanza ni nini? Bando lilikuwa linakaribia kuisha, na mlangoni kulikuwa na mzee anagonga sarafu kwenye kaunta anataka kopi ya kitambulisho. Nikaona Zefania Kajiru upande huu na Zefania Kajiru upande ule. Nikajisemea, sasa hapa kuna la kuuliza? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nikafunga laptopu nikamhudumia mzee wa watu.

Nilipofika nyumbani Upendo alinivuta pembeni, amependeza, amesuka.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Leo usiongee sana."

"Siongei," nikamwambia. "Naonyesha."

Akaguna, akarudi jikoni.

Wageni wakafika kwenye saa tano hivi, wamejaa kwenye gari moja aina ya Noa, wameshuka kutoka Ugweno wamevaa makoti na huku Same jua linachoma na upepo unapeperusha mavumbi. Mzee Eliamani alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabasamu la upande mmoja. Mama yake, Bibi Nakijwa, alishushwa kwa kushikwa mikono, kikongwe wa miaka themanini na kitu, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Mshenga wao alikuwa mzee mfupi mwenye daftari, na kila linalosemwa aliliandika, hata shikamoo nadhani aliziandika. Upande wetu alikuwepo baba, mama, mimi na mke wangu, na Shangazi Ruthi, dada mkubwa wa baba, aliyeshuka kutoka Vudee asubuhi ile na mdomo wake wote.

Tukawaingiza sebuleni. Nilikuwa nimeshafunga mapazia na kubandika shuka jeupe ukutani, projekta nimeiweka juu ya stuli, na watu wakakaa wamebanana gizani wakitoka jasho. Baba akakaribisha, mshenga akajibu, ikafika zamu ya kuulizana ukoo, nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Leo hatutabishana. Leo mtaona wenyewe."

Nikawasha. Kitu kikazunguka, kikazunguka. Nikasema, "Mnisamehe, wifi inasumbua kidogo."

Shangazi Ruthi akageuka kumtazama mama yangu, ambaye kwake ni wifi kweli, aliyekuwa anaingia na chupa ya chai. "Wifi kafanya nini tena?"

"Mimi?" mama akasema. "Mimi niko kwenye chai!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaona siku inaanza vizuri. Mti wa ukoo ukatokea kwenye shuka. Upande wa kulia Upendo, juu yake baba yetu. Upande wa kushoto Baraka, juu yake Mzee Eliamani. Halafu ile mistari ikaanza kupanda yenyewe, mmoja kutoka kwa baba yangu, mmoja kutoka kwa Mzee Eliamani, inapanda taratibu kwa mbwembwe, mpaka ikakutana kwenye kisanduku kimoja, na ndani ya kisanduku kuna picha. Yangu. Mimi, na shati langu jekundu, nimesimama mbele ya duka. Chini imeandikwa: "Zefania Kajiru. Watoto wawili: Kajiru, Eliamani."

Na kabla sijapata hata pumzi, ikashuka mvua ya vikaratasi vya rangi kwenye shuka lote na maandishi makubwa: "Hongera! Umeunganisha koo mbili!"

Kwa akili yangu yote nilikuwa najaribu kuelewa nimemzaaje baba yangu. Na wakati najiuliza hivyo, nyumba nzima ikalipuka kicheko, hata Mzee Eliamani alicheka mpaka akavua miwani, na Shangazi Ruthi akapiga makofi.

"Zefa! Hawa watoto uliwazaa lini? Wana mvi kukushinda!"

Mshenga peke yake hakucheka. Aliinua kalamu. "Samahani. Mimi naandika. Baba yake Mzee Eliamani ni huyu kijana hapa?"

"Hapana, mzee, hapana," nikasema, "mashine imetuchanganya mimi na babu, tuna jina moja, imeweka picha yangu mahali pa babu."

"Ahaa," akasema, akaandika. Halafu akaacha kuandika. "Kwa hiyo ukitoa picha yako, hapo anakaa babu yako?"

"Eeh."

"Babu yako ndiye baba yake Mzee Eliamani?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningesema mashine mbovu, ningezima, ningegawa soda, na mpaka leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini mimi ni mtaalamu, na mtaalamu hawezi kuonekana hajui, kwa hiyo nikasema, "Hilo nalo ni kosa, ngoja niwaonyeshe kitabu chenyewe ili muone hakuna kitu kama hicho." Nikabofya picha ya ukurasa.

Ukurasa ukajaa ukutani, wa manjano, una doa la chai pembeni. Mshenga akasema macho yake hayaoni, nisome kwa sauti. Nikasoma, na mdomo wangu ulikuwa mbele ya akili yangu, ndivyo nilivyo.

"Eliamani. Mama, Nakijwa. Baba, Zefania Kajiru, mzee wa kanisa."

Kicheko kilikatika. Nilirudia kusoma kimya kimya, nikidhani nimeruka mstari, maana babu yangu kweli alikuwa mzee wa kanisa, na huo mwandiko ulikuwa ule ule ulioniliza dukani. Haikuwa mashine. Mashine ilikuwa imekosea picha tu.

Mshenga alikuwa anahesabu kwa vidole, pole pole, kwa sauti, wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa anataka kuelewa kama mimi. "Kama baba wa huyu ni Zefania, na baba wa mwenye nyumba ni Zefania, basi hawa wazee wawili ni ndugu. Na wakiwa ndugu, watoto wao..." Akaishia hapo. Akafunga daftari.

Upendo aliinuka. Alinipita akaingia chumbani na mlango ukafungwa taratibu, na afadhali angeubamiza. Baraka alisimama katikati ya sebule na kikombe cha chai mkononi, hajui amfuate au akae, maana kwa dakika ile hakujua tena yule ni mchumba wake au dada yake. Na mimi ndiye niliyekaa chini ghafla, pale sakafuni kando ya stuli, juu ya waya wa projekta, picha ikapinda ukutani ikakaa upande.

"Baba yangu ni Yona," Mzee Eliamani akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Yona wa Ugweno. Nimemzika kwa mikono yangu. Mama, huyu kijana anasoma nini?"

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," Bibi Nakijwa akasema.

Alikuwa hajasema neno tangu salamu. Akaomba apewe maji, akanywa kidogo, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Aliyosoma yameandikwa kweli," akasema. "Nilikuwepo yakiandikwa. Lakini Zefania hakuwa mume wangu, na hakunigusa hata mkono. Kaeni niwaambie, maana nikinyamaza hawa watoto wanaachana bure."

Nami nitawaambia kama alivyosema, sitaongeza. Alikuwa msichana, anafanya kazi bondeni kwenye mashamba ya mkonge. Huko akapata mimba ya kijana wa kambini, kijana akahamia kambi nyingine, na alipoulizia ikaonekana hata jina alilompa halikuwa lake. Kwao wakamfukuza. Alijifungua kwa watu, akazunguka na mtoto, mwisho akapanda mlima na mtoto mgongoni, akaomba kazi ya shamba, akapokewa na mzee mmoja wa kanisa na mke wake. Alipotaka mtoto abatizwe, wazee wakamuuliza baba ni nani, na hakuwa na jina la kuwapa, na wazee wakasema mtoto asiye na baba ataandikwaje? Palikuwa na mstari, ilibidi ujazwe.

"Nikageuka niondoke naye," Bibi akasema. "Zefania akasimama kwenye benchi. Akasema, andikeni wangu. Wakamuuliza, wako kivipi? Akasema, nimewaambia andikeni wangu. Wakaandika."

Baadaye ndipo akatokea Yona, mtu wa Ugweno aliyekuwa na kazi zake upande huu, akamwoa, akaondoka naye na mtoto wake. Yona alijua. Wote wawili walikubaliana kwamba mtoto asijue. Zaidi ya miaka sitini, jamani, na mume amekufa na siri hiyo, na mimi nimeifungua kwa kidole kimoja kwa sababu ya bando.

Sasa mshenga, maskini, akauliza lililokuwa kooni kwa kila mtu na hakuna aliyethubutu. "Bibi, utuwie radhi. Tutajuaje kwamba husemi hivi ili kuwaokoa watoto?"

Aliyejibu ni Shangazi Ruthi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia akiongea bila kelele.

"Alikuja na huyu mtoto ana meno mawili ya chini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba nikienda kuchota maji, na alikuwa ananiuma bega hapa." Akajishika bega. "Baba alikuwa hajawahi kumtia machoni huyu mama kabla ya siku ile. Na mama yangu alinuna mwaka mzima kwa ajili ya hilo jina kitabuni. Nakijwa nilimjua leo tangu aliposhuka kwenye gari. Nikanyamaza, kwa sababu baba alituambia tunyamaze, na sikuona cha kuzuia ndoa. Damu yetu haimo."

Bibi Nakijwa akageuza kichwa kumtazama. "Ruthi mdogo?"

"Mimi huyo huyo, dada."

Walishikana mikono wale wawili wakalia, na mama yangu akalia, na mke wangu akalia, na mshenga akafungua daftari, akaangalia kalamu yake, akalifunga tena. "Sasa mimi hapa naandika nini?" akauliza, na hakuna aliyejua. Maana fikirini wenyewe: tukifuata ukweli, Bibi anaaibika na mtoto wake anabaki hana jina la baba. Tukifuata kitabu, jina linabaki ila Upendo na Baraka ni ndugu. Nilijaribu kuyapanga hayo kichwani nikashindwa, kila nikishika upande huu ule unaponyoka.

Mzee Eliamani alikuwa ametoka nje. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, amesimama getini anatazama mlima, mikono nyuma. Hakuna aliyemfuata. Nadhani kila mtu alihisi kwamba kama yule mzee angefungua geti akaenda zake, tusingekuwa na cha kumlaumu, na posa ingekuwa imekufa palepale. Mimi niliomba Mungu kimoyomoyo, na sala yenyewe ilikuwa fupi: asifungue geti.

Alikaa kule muda mrefu. Halafu akarudi, akaingia, akavuta kiti chake kutoka kwa wazee wenzake akakiweka karibu na mama yake mpaka magoti yakagusana.

"Mama," akasema, "umekula?"

"Bado."

"Basi mpeni chakula mama yangu," akamwambia mama yetu, "ana dawa za kumeza."

Ndipo baba yangu akasimama. Baba si msemaji, ni mtu wa "sawa" na "haya". Akajikohoza. "Mzee wangu alisema andikeni wangu ili mtoto aingie kanisani. Hakusema hivyo ili mjukuu wake mwenyewe akose mume. Neno lake kitabuni libaki, asifute mtu. Na Upendo aitwe, apewe watu wake." Akakaa. Kisha akanigeukia na kuniambia, bila hasira kabisa, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, "Na wewe, baba, zima hicho kidude."

Upendo alitoka na macho mekundu. Jibu likatolewa, vigelegele vikapigwa, vya uchovu lakini vilipigwa, makande yakaliwa na nyama ya mbuzi ikaliwa, na Baraka hakuachia mkono wa dada yangu hata wakati wa kunawa. Mshenga aliandika mstari mmoja tu. Wakati wa kuaga nilichungulia: "Undugu umeulizwa. Hakuna." Upendo alinipita akiwa amebeba sahani, akasimama.

"Kaka, si ungeninong'oneza tu?"

Ni kweli, ningesoma kwanza, ningejua tangu asubuhi, ningemfuata Bibi kimya kimya, yangeishia kwa watu watatu. Upendo alinuna wiki tatu, na alikuwa na haki yake. Nimeapa, na nimemwapia yeye mbele ya mama: karatasi za watu sizifungui tena hadharani, hata kama ni za ukoo wangu, hata kama zipo mtandaoni kila mtu anaziona. Anayekuja dukani kutafuta babu yake siku hizi namfungulia, nageuza kioo upande wake, natoka nje nasimama barazani mpaka aniite mwenyewe.

Harusi ilishafungwa, wako salama, na ningetamani kusema nimeshaelewa yote yaliyotokea. Ila kuna moja bado linanichanganya.

Siku chache kabla ya harusi Mzee Eliamani alikuja dukani peke yake. Nilipomwona nilitamani kuingia ndani ya mashine ya kopi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja akatazama huku na huku.

"Ule ukurasa," akasema. "Nitolee. Kwa rangi, na karatasi iwe nzito."

Nikamtolea. Aliushika kwa ncha za vidole, akapitisha kidole chini ya ule mstari, akarudia tena. Akaniuliza, "Wewe ulimjua?"

"Hapana, mzee. Alifariki sijazaliwa. Baba anasema tu tumefanana, hata mwendo."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, wala hakuwa na haraka. Halafu akainuka, yule mzee mrefu, akavua kofia yake akaishika kifuani.

"Shikamoo," akasema.

Niligeuka nyuma kuangalia nani kaingia. Hakukuwa na mtu. Nikamtazama usoni nione kama ananitania, na hakuwa anatania, alikuwa anasubiri, macho yamemjaa maji. Nikaitikia, "Marahaba," kwa sauti ndogo, mimi mtu wa miaka thelathini na nane, halafu nikainama chini ya kaunta nikijifanya natafuta bahasha, na nilikaa huko mpaka niliposikia ametoka.